Muundo Sambamba na Virai vya "-ing": Kipi Humtega Zaidi Msemaji wa Kiswahili?

Katika maswali ya sarufi ya mtihani wa ACT wa Marekani (wa kuombea nafasi ya chuo), mitego hii miwili hukaa jirani, lakini hainasi kwa njia moja. Muundo sambamba hudai kwamba mambo yanayoorodheshwa pamoja yawe na umbo moja. Kwa hiyo "She likes reading, writing and to swim" ni kosa, na sahihi ni "swimming". Sisi hukosea hapa kwa sababu "kuogelea" kwetu hutosha kwa maumbo yote mawili ya Kiingereza. Hata hivyo, kosa hili huonekana kwa macho ukilinganisha miisho ya maneno.

Kirai cha "-ing", yaani kikundi cha maneno kinachoanza na kitenzi chenye mwisho huo, ni kigumu zaidi, na ndicho ninachowasihi wanafunzi wakipe muda. Tazama "Walking to the market, the rain soaked me". Kwa Kiswahili, "Nikitembea kwenda sokoni, mvua ilinilowesha" haina dosari, maana kiambishi "ni-" kimekwisha kumtaja mtembeaji. "Walking" haina kiambishi cha nafsi. Hukopa mtenda kutoka kiima kinachofuata mkato, na hivyo mvua ndiyo inayotembea. Sahihi ni "Walking to the market, I was soaked by the rain".

Wakati mwingine mitego hukutana: katika "The river flooded, destroying bridges and cutting off villages", virai vyote viwili vinaeleza matokeo ya mafuriko, na kwa kuwa vimeunganishwa na "and", ni lazima vifanane umbo.