GoldenEye kwenye emuleta au kwenye Nintendo 64 yenyewe? Kagua kijiti kwanza

Malalamiko yanayonifikia kuhusu gemu za bunduki za zamani yanafanana mno. Mtu ana hamu ya kurudia GoldenEye 007 ya mwaka 1997. Ananunua Nintendo 64 iliyotumika, ile mashine ya gemu iliyoichezesha, au anaweka emuleta (programu inayoiga mashine hiyo) kwenye kompyuta, picha inatokea safi kabisa, halafu akipiga risasi hampigi adui hata mmoja. Shabaha inapita kichwa cha adui kwenda kushoto, akiirudisha inapita tena kwenda kulia. Mwisho anaamua kwamba gemu imezeeka. Gemu haina kosa lolote. Kosa liko kwenye kijiti cha pedi, yaani kile unachokisukuma kwa dole gumba kwenye kidhibiti cha mkononi, na karibu hakuna mwongozo unaokigusa.

Mambo ya pikseli, memori na idadi ya gemu nayaacha, maana yameshaandikwa vya kutosha. Mimi napanga vifaa kwa swali moja tu: ukisukuma kijiti nusu, gemu inapokea nusu?

GoldenEye haina kijiti cha pili. Hicho kimoja kinakutembeza na kukugeuza, na vitufe vya C vinakupeleka pembeni na kukuinulia macho. Ukishikilia kitufe cha R, alama ya shabaha inatoka katikati ya skrini na kufuata mahali kijiti kilipo. Ukikilaza kidogo inasogea kidogo, ukikiachia inarudi katikati. Kwa hiyo kipimo cha kijiti ndicho shabaha yenyewe. Pedi ya Nintendo 64 iliyo nzima huipa mashine namba ya takriban 80 hadi 85 kila upande, ndani ya ukingo wenye pembe nane. Pedi za kisasa zinazunguka ndani ya duara, na emuleta isiyorekebishwa inaweza kutuma hadi 127, kitu ambacho waliotengeneza gemu hawakukipangia. Juu ya hapo emuleta nyingi huacha eneo la katikati ambamo kijiti hakisikii kitu. Unasukuma kidogo, kimya. Unaongeza kidogo, umeshageukia ukutani.

Ya kwanza kwangu: Nintendo 64 yenyewe, kijiti kikiwa kimekarabatiwa. Mimi ni wa pedi ya Nintendo na sioni sababu ya kuficha. Ndani ya kijiti chake kuna visahani viwili vyenye matundu, mwanga unapita kwenye matundu hayo na pedi inahesabu hatua. Usahihi wake ni mtamu. Udhaifu wake ni plastiki: mguu wa kijiti unasugua bakuli lake kila unapocheza, na kila mchezo unakula kidogo. Ishika pedi iliyochoka uitazame shingoni mwa kijiti, utaona unga mweupe. Huo unga ndiyo pedi yenyewe inayosagika. Kijiti kizima kinasimama wima, lakini kilichoisha kinalala upande kama ua lililokosa maji, na upeo wake unashuka hadi 60 na kitu. Hapo hata kukimbia hukimbii sawasawa.

Dawa ipo. Bakuli jipya na gia mpya vinauzwa, bisibisi ndogo inatosha, na kazi yenyewe haihitaji fundi. Usikubali mtu akubadilishie kile kijiti cha bei rahisi kilichoigwa kutoka pedi ya GameCube, mashine nyingine ya Nintendo. Kinadumu, ndiyo, lakini vingi vyake vina haraka kupita kiasi, na kwenye gemu ya kulenga ni balaa. Jambo jingine: pedi inasoma katikati ya kijiti pale unapowasha mashine, hivyo ukiwasha huku kimelala, mhusika wako atatembea mwenyewe. Bonyeza L, R na Start kwa pamoja, katikati inasomwa upya.

Ukiweza, tumia TV ya kichogo. TV bapa inachakata picha kabla ya kuionyesha na hapo unapoteza muda, ingawa hali ya gemu kwenye menyu hupunguza sana. Na kama unataka Perfect Dark, gemu nyingine ya bunduki, ya mwaka 2000, hakikisha mashine ina Expansion Pak, kile kipande kinachopandisha memori kutoka MB 4 hadi 8. Bila hicho hadithi nzima ya mchezaji mmoja haifunguki, unabaki na sehemu ndogo ya mapambano tu.

Ya pili: Analogue 3D, mashine mpya ya kuchezea gemu za Nintendo 64. Ilianza kuwafikia wanunuzi mwaka 2025. Hii haiigi kwa programu. Chipu yake imepangwa ifanye kazi kama saketi za Nintendo 64. Inapokea katriji halisi (zile kaseti za gemu), na nimeipandisha hadi hapa kwa sababu ina matundu manne ya pedi za zamani, kwa hiyo ile pedi yako iliyokarabatiwa unaichomeka moja kwa moja. Asiyetaka kuhangaika na pedi kuukuu achukue pedi mpya ya 8BitDo 64, ambayo kijiti chake kinasoma kwa sumaku na hakisuguani mahali pa kusomea. MiSTer, mashine ya kujiundia, nayo inacheza gemu za Nintendo 64 kwa njia hiyohiyo ya chipu, ila ni ya mtu mwenye subira ya kupanga vipande.

Ya tatu: emuleta kwenye kompyuta. Programu za Ares au RetroArch zinatosha, kwa nakala ulizotoa kwenye katriji zako. Pesa yako iweke kwenye adapta nzuri ya kuunganisha pedi halisi kwa USB. Adapta za Raphnet ndizo ninazozipenda. Ukibaki na pedi ya kisasa, ingia kwenye mipangilio, shusha upeo wa kijiti hadi karibu asilimia 66, kisha punguza lile eneo lisilosikia hadi kijiti kikaribie kuanza kuteleza chenyewe, urudi nyuma hatua moja. Dakika chache za kazi hiyo zina faida kuliko kadi mpya ya picha.

Ya nne: matoleo ya Switch na Xbox. GoldenEye imekuwepo huko tangu Januari 2023. Switch inakupa kucheza na watu wa mbali, Xbox inakupa mpangilio wa vijiti viwili. Ni rahisi, lakini ukiipata kwa usajili, siku usiyolipa huna gemu.

Visanduku vya bei ya chini vyenye maelfu ya gemu ndani: pedi zake ndizo mbovu kuliko zote. Achana navyo.

Kwa Halo ya 2001 au TimeSplitters ya PlayStation 2, suala hili ni jepesi. Gemu hizo zilizaliwa na vijiti viwili vinavyofanana na vya leo, hivyo emuleta haikunyang'anyi mengi.

Sasa wauzaji. "Imejaribiwa, inafanya kazi." Imejaribiwaje? Kilichojaribiwa ni taa kuwaka na kitufe cha Start kuitikia. Picha inapigwa kutoka juu ili kijiti kilicholala kionekane kimesimama, na pedi iliyobaki nusu ya nguvu zake inauzwa kwa bei ya nzima kwa kuwa rangi yake ni adimu. Wengine wanaing'arisha plastiki ya nje hadi inang'aa, wanaiandika "imekarabatiwa", na ndani hawajagusa kitu. Inaniudhi, kwa sababu anayeumia ni mgeni ambaye hajui pedi nzima inavyohisi mkononi.

Kabla hujalipa, omba video mbili: moja kijiti kikiachiwa kutoka pande zote nne na kurudi wima chenyewe, nyingine shingo yake ikiwa karibu kabisa na kamera. Mwenye vifaa vya kupimia aonyeshe namba kwenye skrini; chini ya 75 upande wowote, hesabu gharama ya ukarabati ndani ya bei. Akikataa video, nunua kwa mwingine.