Biro ya papa moja anayejazia batu kodi ya Marekani huku Bel-Air, Lubumbashi: ghali, pole pole, lakini yule papa anajua kazi yake

Naanza na bei ju najua njo kitu batu bote banauliza kwanza. Dola 650 kwa kurekebisha miaka mitatu ya kodi, nusu unatoa mbele, kwa mukono, noti safi, ikikuwa na kamupasuko kadogo tu anakurudishia. M-Pesa anakubali lakini makato ni juu yako. Kwa hapa Lubumbashi hiyo ni makuta mingi, kontable wa kawaida mwenye kukufanyia IPR (kodi ya mshahara ya Kongo) na CNSS (pensheni ya serikali) hawezi kukulomba vile, lakini kontable wa kawaida alisoma OHADA (sheria za kontabilite za huku Afrika), ukimuambia Roth IRA (akaunti ya pensheni ya Marekani) atakuangalia tu.

Kazi ilikuwa ya yaya yangu, ndugu yangu mukubwa. Aliishi Texas miaka mingi, akapata pasporo ya Marekani, akarudi, sasa anatumika ku kampuni moja ya mine kule Kolwezi. Mi njo nilikuwa napeleka makaratasi ju yeye anashuka Lubumbashi mara moja moja. Kwa wale bahajue: mwenye pasporo ya Marekani anajaza kodi ya Marekani kila mwaka hata akiishi Kasumbalesa, ni mambo ya uraia, haiangalie unalala wapi. Na yaya alikuwa anajaza vizuri kabisa na programu moja ya intaneti, anaweka formu 2555 inayosema mshahara nilipata nje ya Marekani musiuhesabu, na inakubaliwa mpaka kiasi fulani, mwaka 2022 ilikuwa dola 112,000, mwaka 2023 dola 120,000, mwaka 2024 dola 126,500. Mshahara wake haufike pale hata karibu, kwa hiyo kodi sifuri, kila mwaka, raha tupu.

Sasa pale pale njo shida ilikuwa inalala. Yaya aliendelea kutia makuta ku akaunti yake ya pensheni ya kule, ile Roth IRA, dola 6,000 ya 2022, dola 6,500 ya 2023, dola 7,000 ya 2024, kile kiasi cha juu kabisa mtu wa chini ya miaka 50 anaruhusiwa. Lakini sheria inasema ili utie makuta mule lazima ukuwe na mshahara unaohesabiwa, na mshahara uliouondoa wote na formu 2555 hauhesabiwe. Kwa macho ya IRS (serikali ya kodi ya Marekani) yaya alikuwa sawa mutu hakutumika hata siku moja. Ile programu ilinyamaza kimya, ju kampuni inayotunza akaunti na formu ya kodi ni vitu viwili tofauti, usipoandika kwamba ulitia makuta kule, programu itajulia wapi.

Adhabu yake ni 6% kila mwaka, na ile "kila mwaka" njo inauma, ju haikukate mara moja halafu ikakuacha, inarudi mpaka siku utatosha ile makuta. Yule papa alituchorea pa karatasi: mwaka wa kwanza 6% ya 6,000 ni dola 360, mwaka wa pili makuta mubaya imekuwa 12,500 kwa hiyo 750, mwaka wa tatu 19,500, inafika 1,170. Jumla dola 2,280, na unaijaza wewe mwenyewe ku formu 5329, hakuna mutu anakuletea fakture ku nyumba.

Mbele ya kufika kwake tulikuwa tumeongea kwa simu na mutu mwengine wa diaspora, yeye alisema toeni yote, lipeni 6%, mambo imeisha, dola 300 tu. Ilikuwa bei ya muzuri kabisa. Lakini nasema ile 650 sio ghali sana ukiiangalia vizuri, ju papa wa Bel-Air kitu cha kwanza aliuliza haikukuwa Roth, aliuliza: yaya yenu analipa IPR huku? Bulletin ya mshahara iko?

Tukashangaa, IPR inaingilia wapi. Kumbe kuna njia mbili za kuepuka kulipa kodi mara mbili. Moja ni ile ya kuondoa mshahara. Ya pili ni formu 1116, unauacha mshahara unahesabiwa halafu unasema kodi nimeshalipa kwa serikali ya Kongo, munipunguzie. Na IPR yetu ni kubwa! Ku miaka ile iliweza kupanda mpaka 30% ya mshahara, pale njo sheria ilikuwa inaikatia. Akatupatia mfano wa mutu bila bibi, mwenye dola 50,000 kwa mwaka 2022: kodi ya Marekani inakuwa kama dola 4,200, na IPR huku inaenda karibu 14,000. Kwa hiyo ukitumia formu 1116 Marekani haikudai kitu, kodi ingine inayobakia unaibeba miaka 10 mbele, na mshahara sasa unahesabiwa. Mshahara ukihesabiwa, makuta ya Roth haiko tena makosa, na 6% haina pa kusimamia. Kwa mara ya kwanza katika maisha nilisikia furaha ya kuona IPR ku bulletin ya mutu.

Kwa hiyo hakurekebisha Roth, alirekebisha formu za kodi. 1040-X, ile formu ya kurekebisha kodi ulishatuma, ya 2022 na ya 2023, na barua ya kusema tunaacha ule uchaguzi wa kuondoa mshahara, na ya 2024 ilikuwa haijatumwa bado ikajazwa moja kwa moja kwa njia mupya. Makuta yote ya pensheni imebakia mule mule inaendelea kukua.

Lakini kuna kitu kimoja alisema pole pole sana na akalazimisha yaya aongee naye mwenyewe kwa simu mbele ya kutia sinyatire, na kwa hiyo namupa pointi mingi: ukiacha formu 2555 huwezi kuirudia vile unapenda. Kwa yaya, ju ameiacha kuanzia 2022, bila ruhusa ya IRS atairudia ku mwaka wa kodi 2028. Kama kesho kampuni inamupeleka Dubai, kule hakuna kodi ya mshahara, basi hana IPR ya kuonyesha na hana formu 2555, atatumia tu ile kodi alibeba mpaka ikauke. Yule wa dola 300 asingesema hata neno.

Sasa mabaya. Ni pole pole mbaya. Unamuandikia WhatsApp asubui anakujibu usiku saa ine, courant ikikatika ku quartier ndio kabisa. Hana resi, ilibidi nimulombe aandike pa karatasi na atie sinyatire. Na anaongea sana, ukiuliza kitu kimoja utasikia historia yote ya sheria ya kodi. Bulletin za mshahara pia ni wewe unazitafuta, yeye hasaidie, na kule Kolwezi biro ya personeli ilituzungusha mpaka nikachoka, lakini hiyo si kosa yake.

Kitu kingine muangalie, kwake ao kwa mwengine: mutu analipwa kukufanyia kodi ya Marekani lazima akuwe na namba ya PTIN, ile IRS inapatia batu banalipwa kujaza kodi, na atie jina lake ku formu. Huyu iko nayo na alitia bila kuombwa. Akikuambia "tia sinyatire wewe, mi sitie", toka pale.

IRS yenyewe inasema 1040-X inachukua wiki 8 mpaka 12, ingine inafika 16, unafuatilia ku site yao, kwa hiyo musimusumbue papa ju ya hiyo.

Na kama shida yako ni ya mwaka moja tu, ulituma formu kwa wakati na tarehe 15 ya mwezi wa kumi ya mwaka unaofuata haijapita, usimupelekee dola zako. Piga simu ku kampuni inayotunza akaunti, sema unataka kutosha makuta iliyozidi pamoja na faida yake, bako na formu yao ya hiyo, 6% haitakupata, utalipia kodi ile faida tu. Aliniambia yeye mwenyewe, na hakunikata hata franka kwa hiyo shauri.