Boti ya kukodi Alaska: tamu, ila ulizeni kibali kwanza

Tulikuwa sita, tukakodi boti nzima na kapteni na mpishi wake, siku 7 kuanzia Juneau, mji ambao hauna hata barabara ya kutoka nje, ni ndege au meli tu. Nyangumi wa Frederick Sound, mkono wa bahari wa huko, jamani!! wanapumua karibu na boti mpaka unasikia shombo 😂 Wenye boti walipoboronga ni kibali cha kuingia Glacier Bay, hifadhi ya taifa ya bahari na barafu, kiangazi boti zinazoingia kwa siku zina idadi maalum, wao wakachelewa kuomba afu tunaambiwa wakati tushalipa, basi tukapelekwa Endicott Arm, ghuba nyembamba, kuona barafu inavyomeguka kwenye mto wa barafu wa Dawes Glacier, sikujuta sana kusema ukweli. Bakshishi ya wahudumu haimo kwenye bei. Mwezi wa saba ila mvua na baridi, leso yangu niliishia kujifunga kichwani, bebeni buti za mvua.