Programu ya ramani ya galaksi: nyota nne kati ya tano

Nimeitumia wiki tatu, na niseme kweli, niliipakua kwa ajili ya jambo moja tu: mikondo ya nyota iliyotapakaa kwenye halo ya Njia Nyeupe, yaani lile eneo pana lenye nyota chache linaloizunguka galaksi yetu. Hapo haijaniangusha. Bofya galaksi kibete ya Mshale, ile iliyogunduliwa mwaka 1994, kisha rudisha saa nyuma na uiache itembee. Kila inapopita karibu na galaksi yetu inavutwa, inarefuka, inafumuka kama pamba inayosokotwa uzi. Nyota zilizochomoka upande wa ndani zinatangulia, za upande wa nje zinachelewa, na mwishowe mkanda unaizingira galaksi nzima. Kipande hicho nimekirudia labda mara kumi.

Vipimo vimetoka kwa Gaia, chombo cha anga cha Ulaya kilichopima mahali na mwendo wa nyota, toleo la data la 2022. Safi.

Ugomvi wangu ni GD-1, mkondo mwembamba uliogunduliwa 2006. Wameuandika “mabaki ya galaksi kibete”, ilhali wembamba ule unaashiria zaidi fungunyota (kundi la nyota zilizobanana, dogo kuliko galaksi) lililosambaratika. Tena lile pengo lake, ambalo huenda lilitobolewa na bonge la maada ya giza (maada isiyoonekana, inayojulikana kwa mvutano wake tu), halionekani kabisa! Wamelilainisha likapotea, na mimi ndilo nililokuwa nalitafuta.

Kompyuta yangu kuukuu hupiga kelele za feni nikifungua nyota zaidi ya milioni moja, basi napunguza. Toleo la simu sikulipenda: kidole chenyewe kinaziba mkondo.