Keyword Planner: ile namba ya "utafutaji kwa mwezi" inasema nini hasa?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo tunaichambua Keyword Planner, programu ya bure iliyomo ndani ya Google Ads (huduma ya matangazo ya Google), inayokuonyesha neno fulani linatafutwa Google mara ngapi kwa mwezi. Wengi mnaniuliza: "Neno langu linaonyesha 1,000 kwa mwezi, nikiandika makala nitapata wasomaji 1,000?" Hapana. Na inaniuma kuona mtu anaacha makala nzuri kwa sababu ya namba ambayo hakuelezwa imepatikanaje.

Ukifungua akaunti ambayo hailipii matangazo, hupewi namba kamili. Unapewa vipimo vipana: 100 hadi 1,000, au 1,000 hadi 10,000. Google walianza hivyo mwaka 2016. Juu na chini vinapishana mara kumi, huwezi kupanga bajeti hapo.

Ukilipia matangazo ndipo inakuja namba moja moja. Sasa shusha macho kwenye safu hii: 390, 480, 590, 720, 880, 1,000, 1,300. Tafuta 650. Tafuta 800. Huzioni, hata ukishuka hadi chini kabisa. Kila neno linapandishwa au kushushwa kwenye ngazi ya karibu yake, kwa hiyo usiumize kichwa kuchagua kati ya lenye 720 na lenye 880.

Lakini kinachowaponza watu zaidi ni wastani. Namba unayoiona ni wastani wa miezi 12. Chukua "nauli ya SGR Dar Dodoma". Treni ilianza safari hizo mwishoni mwa Julai 2024. Tuseme neno hilo lilitafutwa mara 6,000 Agosti na mara 6,000 Septemba, na kabla ya hapo hakuna aliyeuliza. Ukigawa kwa miezi 12 unapata 1,000. Mtu anaiona 1,000, anasema soko dogo, anafunga kompyuta, wakati abiria wako stesheni na simu mkononi wanatafuta nauli!

Na kinyume chake kipo. "Matokeo ya kidato cha nne" huvuma yanapotangazwa, kwa kawaida Januari. Kama yametafutwa mara 120,000 mwezi huo tu, wastani utasoma kama 10,000. Ukiyaandikia Aprili ukitegemea hao 10,000, utasubiri sana. Ndiyo maana mimi naanza na kile kigrafu cha mwezi kwa mwezi, namba kubwa naiangalia baadaye.

Na Ahrefs na Semrush, zile programu za kulipia za kutafiti maneno, je? Ni programu nzuri, ila nazo zinakadiria. Pamoja na takwimu za Google, hutumia sampuli ya watu ambao nyendo zao mtandaoni zimerekodiwa. Neno la Kiswahili likitafutwa na watu mia, na hakuna hata mmoja wao aliye kwenye sampuli, programu inaweza kukuandikia 0. Hao mia wapo. Ukiona 0 kwenye neno ambalo wateja wako wanakuuliza kila siku WhatsApp, liandikie.

Tena kutafuta si kubofya. Anayeandika "dola moja ni shilingi ngapi" anapewa jibu na Google papo hapo, anaondoka.

Kama tayari una tovuti, ingia Search Console ya Google, nayo ni bure. Pale unaona kurasa zako zimeonekana mara ngapi kwa neno fulani, na zimebofywa mara ngapi. Ukikaa ukurasa wa kwanza mwezi mzima, hesabu ya kuonekana inakaribia sana utafutaji wenyewe. Hiyo naiamini kuliko zote.

Je, ulipie? Kama unaandika Kiingereza kwa soko la Marekani au Uingereza, Ahrefs au Semrush zitakurudishia pesa yako. Kama unaandika Kiswahili, anza na Keyword Planner na Search Console, na hela ya kulipia mwezi mpe mwandishi wako.