Impreza WRX ya 2003 uani kwangu Dodoma: kilichostahili pesa na kisichostahili

Kama unajiuliza Subaru Impreza WRX ya zamani inafaa kwa Dodoma, mimi nasema inafaa, ila bajeti yako uigeuze kichwa chini miguu juu. Vijana wengi wakishika gari ya tabo (turbo, feni inayosukumia injini hewa ya ziada), pesa ya kwanza inakwenda kwenye eksozi na rimu, oili inapata chenji iliyobaki. Mimi naishi Nzuguni, gari naifungua mwenyewe uani chini ya turubai, na kwa niliyoyaona, gari hii huku haifi kwa kukosa nguvu. Vumbi na joto ndivyo vinavyoiua.

Yangu ni toleo la GDA lililotoka Japani, injini EJ205 ya lita 2.0, silinda nne zimelala mbili kushoto mbili kulia, gia tano za mkono. Kiwandani ilitangazwa na nguvu za farasi 250. Imepita mikono ya watu kadhaa kabla yangu, na odometa yake naisikiliza kama unavyomsikiliza mzee anayesimulia ujana wake: unaitikia tu.

Kwanza jambo la mwinuko, maana watu wa Dar wakija huku hushangaa. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko ya pwani. Gari isiyo na tabo inasikia moja kwa moja, hasa ukiipandisha mlima na abiria wanne. Ya tabo inajitetea kwa kuzungusha feni ya tabo kwa kasi zaidi ili ifidie. Ndiyo raha ya kuwa nayo huku. Lakini kuzunguka zaidi maana yake hewa inatoka na joto zaidi, na tabo inafanya kazi ya ziada hata kabla hujagusa kitu. Anayekuja kukuambia "tuongeze kidogo upepo wa tabo" hapa, anaongeza juu ya mzigo ambao tayari upo.

Sasa eakilina, yaani chujio la hewa ya injini na boksi lake, na hapa nitakaa kidogo.

Kuanzia Juni hadi mvua zinapokuja, upepo wa Dodoma unabeba vumbi jekundu lile laini ambalo ukifuta meza asubuhi, saa sita unaandika jina lako juu yake. Vumbi hilo likipita kwenye chujio, linakwenda kusugua mapanga ya tabo, kisha kuta za silinda. Nilipoinunua, gari ilikuwa na koni ile ya wazi inayofungwa kwenye bomba bila boksi. Inanguruma vizuri, sikatai. Shida ni kwamba inavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti, na pili, sensa inayopima hewa kwenye Subaru hii inakaa palepale nyuma ya chujio. Ukibadilisha umbo la njia ya hewa, sensa inasoma kitu tofauti na kompyuta inachanganya petroli kwa hesabu zisizo zake. Na zile koni za kupakwa oili, oili ikizidi inarukia kwenye uzi wa sensa, unaanza kuona mngurumo wa gari ukiyumba ikiwa imesimama na hujui kwa nini.

Nikatafuta boksi lake la asili, la mtumba, kupitia jamaa wa spea Gerezani kule Dar, likaja na basi. Ndani nikaweka chujio la kawaida la karatasi. Kijana wa jirani yangu, ambaye naye ana Altezza, alisikitika kabisa: "Kaka, umeitoa koni? Sasa gari itapumulia wapi?" Nikamwita aone upande wa ndani wa bomba lililokuwa nyuma ya ile koni. Nilipitisha kitambaa cheupe, kikatoka na rangi ya tofali. Hakuongeza neno.

Kwa hiyo maksi zangu: boksi la asili na chujio la karatasi ni kitu bora kuliko vyote nilivyoweka kwenye gari hii, na ni cha bei ndogo kuliko karibu vyote. Ila lina masharti. Usipeleke chujio kwa fundi wa pancha akupulizie upepo wa kompresa kwa nguvu zote. Karatasi inapasuka vitundu usivyoviona. Mimi naligonga taratibu, kisha usiku nawasha tochi ya simu upande wa ndani. Ukiona hata nukta moja ya mwanga mkali, tupa. Kagua pia mpira unaozunguka ukingo wa chujio na zile klipu za boksi, maana klipu moja ikilegea, chujio lote halina kazi.

Blo-ofu ya kumwaga upepo nje, ile ya kulia "tshuu" ukiachia mafuta: niliikuta, nimeitoa. Hewa ile imeshapimwa na sensa, kompyuta imeshaitolea petroli, wewe unaimwaga barabarani. Kila ukibadilisha gia, mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi kupita kiasi, plagi zinakuwa nyeusi, na kwenye bomba la nyuma masizi. Nimerudisha ile ya kiwandani inayorudisha hewa kwenye njia yake. Sauti imekufa, na pampu ya petroli inaniona kidogo kuliko zamani.

Geji ya upepo wa tabo ni nzuri. Nimefunga moja ya kawaida kwenye nguzo ya kioo, mshale mmoja. Kwangu inagota karibu na bar 0.9 ikikazwa. Kazi yake kubwa si kukufurahisha, ni kukuonya: siku mshale ukipita pale ulipozoea, au usipofika, kuna hosi imechomoka au imepasuka, na unaijua kabla injini haijaijua. Hosi ndogo za vakyumu za umri huu zimekauka kama maganda ya karanga. Nimezibadilisha zote kwa za silikoni, kazi ya Jumamosi moja na gharama ya kuchekesha.

Kifaa ambacho ningemshauri mtu yeyote mwenye Subaru ya tabo anunue kabla ya rimu ni Openport 2.0 ya Tactrix. Ni waya unaounganisha laptopu na gari, unatumia na programu ya bure iitwayo RomRaider. Mashine za kupimia za mafundi wengi wa mtaani zinasoma misimbo ya hitilafu tu. Hii inakuonyesha gari inawaza nini ikiwa inakimbia. Ninachokiangalia mimi ni jinsi kompyuta inavyorudisha nyuma cheche, yaani inaichelewesha, pale inaposikia injini inagonga (petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda), na kipimo kiitwacho IAM, ambacho ni imani ya kompyuta kwa petroli unayoipa. Gari ikiwa na afya inasoma 1, na kwenye kompyuta za zamani zaidi inasoma 16. Ikishuka, kuna tatizo.

Na hili ndilo linalotuhusu sisi. Gari hizi ziliandaliwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na oktani (kipimo cha petroli kuhimili kugonga huko) karibu 100. Ya kwetu haifiki hapo. Nilimkalisha mpwa wangu na laptopu kiti cha pembeni, tukatoka barabara ya Singida kuelekea Bahi, nikaikaza gia ya tatu alfajiri, na tena saa nane mchana. Asubuhi laini zilikuwa tulivu. Mchana, intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) ikiwa imeshaiva kwa jua na joto la injini iliyo chini yake, kompyuta ilikuwa inarudisha cheche nyuma mara kwa mara. "Mjomba, namba nyekundu hizi," akasema mpwa, nikaachia mafuta hapohapo. Pistoni za injini hizi zinajulikana kuvunjika kingo za ringi kwa kugonga kwa aina hiyo. Tangu hapo mchana wa Oktoba mimi ni dereva mpole, na upepo wa tabo umebaki wa kiwandani. Angalizo: Openport za kopi zimejaa mtandaoni. Kwa kusoma tu zinaweza kukufaa, kwa kuandika programu mpya kwenye kompyuta ya gari mimi nisingethubutu, maana ikikata katikati umebaki na boksi la chuma.

Upoozaji ni sura ya pili ya maisha ya huku. Maji ya Dodoma kila mwenye birika anayajua, chumvi inaganda chini mpaka unaikwangua kwa kisu. Hayo hayo ukiyatia kwenye radieta yanaganda kwenye vijibomba. Mimi natumia kulanti (dawa ya kupoozea injini) na maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale wanayouza maduka ya betri. Soma chupa vizuri, maana mwingine ukimwomba "maji ya betri" anakupa asidi.

Kwenye WRX hii kuna mifuniko miwili: mmoja wa radieta, mwingine wa kitenki cha chuma juu ya injini. Haifanani nguvu, na ikibadilishana nafasi gari inachemka bila sababu ya kuonekana. Mfuniko ni kitu kidogo sana lakini hapa kwetu, kwa mwinuko huu, maji yasiyo na mgandamizo yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko ukichoka, umepoteza kinga yote. Ukijaza kulanti, inua mbele kwa jeki, jazia kwenye kile kitenki cha juu, polepole, ukiminya hosi kubwa ya radieta kwa mkono. Utasikia mapovu yanapanda, glu, glu, kisha kimya, kisha tena glu. Usiharakishe. Hita ya ndani iwe wazi kwenye moto, na usifunge kazi mpaka inapuliza joto la kweli.

Taimaa ya tabo, ile inayoacha injini ikiunguruma baada ya kutoa ufunguo, sioni sababu yake. Tabo ya gari hii inapozwa na oili na maji pia, na maji yanaendelea kuzunguka yenyewe kuelekea kitenki cha juu hata injini ikizimwa. Ukipita Kibaigwa kwa fujo, kilomita ya mwisho endesha taratibu, imetosha.

Springi za kushusha gari: matuta ya Dodoma yalinijibu mapema. Zimeuzwa.

Oili naibadilisha kila kilomita 5,000, sintetiki 5W-40, naichukua kwenye kituo cha mafuta chenye risiti na si kwenye meza ya barabarani. Kijiti cha kupimia oili cha injini hii kinaudhi, upande mmoja kinasema imejaa na upande wa pili nusu. Pima asubuhi gari ikiwa baridi na uamini usomaji wa chini. Baadhi ya injini hizi zina kichujio kidogo ndani ya boliti ya paipu inayopeleka oili kwenye tabo. Kikiziba, tabo inakauka na kufa, na fundi atakuuzia tabo nyingine ambayo nayo itakufa vilevile. Kifungue ukikague.

Plagi ni mtihani wa uvumilivu. Ziko ubavuni, zinatazamana na chesisi, kwa hiyo unatoa betri upande mmoja, boksi la eakilina upande mwingine, halafu unaunganisha viongezeo vya racheti vipande vipande ndani ya nafasi isiyopitisha ngumi. Mkono wa mpwa ni mwembamba, kazi hiyo nimemkabidhi. Injini iwe imepoa kabisa, kwa sababu silinda hedi ni ya alumini na nyuzi za matundu ya plagi hazipendi fujo.

Kazi moja tu sifanyi uani, taimingi belti. Injini hii belti ikikatika, valvu zinakutana na pistoni, na huko ndiko gari nyingi za namna hii zinakogeuka kuwa spea. Nilimpa fundi anayezijua Subaru, nikanunua vitu mwenyewe nikakaa naye hadi mwisho. Ukiagiza, chukua seti nzima: belti, tensheni, rola zote pamoja na ile yenye meno, na wota pampu kwa kuwa inazungushwa na belti hiyohiyo na kuifikia ni kurudia kazi yote upya. Muuzaji akisisitiza kuwa belti peke yake inatosha, mwulize kama valvu kumi na sita atazilipa yeye.