Altezza imeondoka: Forester au RAV4?

Jumamosi, pale Nyegezi, Mwanza, niliiuza gari yangu, Toyota Altezza RS200. Gia sita za mkono, nguvu magurudumu ya nyuma. Mnunuzi alipoiwasha, nikageuka kuangalia ziwa. Mke wangu akanicheka: "Baba Neema, si gari tu hilo?" Gari tu! Ila ukweli, kila tuta la kwenda Igoma lilikwangua bampa, na kwetu mlimani njia ni mawe matupu.

Sasa nachagua kati ya mbili: Subaru Forester ya turbo na Toyota RAV4 ya 2006.

Forester ndiyo inayoninyima usingizi. Pistoni zake zimelala ubavu, uzito unakaa chini, hivyo gari limeinuka lakini kwenye kona haliyumbi ovyo. Magurudumu manne yanavuta muda wote, na mvua za masika ukizipanda nazo mlima utanielewa. Ubaya? Nilimtazama fundi akibadili plagi: mkono umejipenyeza pembeni ya injini, ukatoka umechubuka vidole. Na mkanda wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Hapo andaa hela ya injini.

RAV4, cc 2,362, ina cheni badala ya mkanda, na spea zake hazikuzungushi mji. Wanasema haisumbui, mimi injini hiyo naijua kwa kunywa oili, kwa hiyo dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, usiisahau. Kuendesha kwake ni kama kunywa uji bila sukari.

Nachukua Forester. Mkanda nabadili kwanza, ndipo nivuke daraja la Kigongo–Busisi kwenda kumwonyesha mama Sengerema.